Mkasi wa Februari: kupogoa vichaka vya bustani katika nchi za baridi



Mwezi wa sita tulipokea barua ya padre wa jimbo letu aliyeko masomoni Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Siku za juma anasoma. Jumamosi na Jumapili anasaidia katika parokia moja ya kijijini, na kwa kuwa amekulia kwenye shamba la kahawa, alijitolea kutunza bustani ya nyumba ya mapadre. Sehemu kubwa ya barua ilihusu bustani hiyo, na ilikuwa barua ya mtu mwenye huzuni.

Nyuma ya kanisa kuna safu ya mililaki, vichaka vinavyopita urefu wa mtu na kutoa vishada vya maua ya zambarau au meupe yenye harufu nzito. Vilipandwa zamani na bibi mmoja wa parokia pamoja na marehemu mume wake. Kila Mei waamini hukata vishada hivyo kupamba altare ya Bikira Maria kwa ibada za mwezi wake. Mwezi Februari padre aliambiwa na halmashauri ya parokia kwamba kazi kubwa za kukata vichaka ziishe kabla ya tarehe 1 Machi, kwa kuwa baada ya hapo sheria inakataza. Akaitazama ile mililaki: haina jani, mashina yamezeeka, katikati kumesongamana. Akachukua msumeno na mkasi, akaikata yote hadi usawa wa goti, kama inavyofanyiwa mibuni iliyochoka. Ilikuwa kazi ya siku mbili, na aliifurahia.

Mei ikafika. Vichaka vilitoa majani mazuri, lakini ua halikuonekana hata moja. Bibi yule hakusema neno. Alileta maua ya kununua, akayapanga altareni, akamsalimu padre kama kawaida. "Afadhali angenikaripia," aliandika padre. Kisha akatutania: "Nyinyi mafrateri wa falsafa mnaokaa na sababu za mambo, hebu nielezeni. Mti usio na majani unapoteza nini ukikatwa?"

Tulilichukua swali hilo kama zoezi la kikundi chetu cha Jumamosi. Tulidhani tungelimaliza kwa jioni moja. Lilituchukua karibu mwezi mzima, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Ua liko wapi mwezi Februari?

Liko tayari kwenye tawi. Hilo ndilo kosa lote la padre, na ni kosa ambalo yeyote kati yetu angelifanya.

Mlilaki ukishamaliza kuchanua, mwishoni mwa Mei au Juni, hauingii mapumzikoni. Wakati wa kiangazi cha kule, jua likiwa kali na siku zikiwa ndefu, huanza kutengeneza macho ya mwaka unaofuata. (Tunasema "jicho" kama wasemavyo wanaobebesha miche: kile kinundu kinachobeba tawi, jani au ua litakalotokea.) Hadi majani yanapopukutika, kila ncha ya tawi lenye afya huwa na macho manene, mara nyingi mawili yaliyokaa pamoja. Ukilipasua moja kwa wembe katikati ya majira ya baridi, utaona ndani yake kishada kizima cha maua kikiwa kidogo mno na cha kijani, kimejikunja na kufunikwa kwa magamba.

Hapa darasa la metafizikia lilitusaidia. Tunafundishwa kutofautisha kilicho katika uwezo na kilichokwisha kutimia, na mfano wetu wa kila siku ni mbegu na mti. Mfano huo unaficha jambo moja: uwezo una ngazi. Mbegu ya mlilaki ina uwezo wa kutoa ua baada ya miaka mingi. Jicho la Februari lina uwezo ulio karibu kabisa, linalosubiri joto tu. Kwa macho ya mpita njia, tawi lenye maua yaliyokwisha kuumbwa na tawi lililokufa yanafanana: vijiti viwili vya rangi ya majivu. Padre alipoona "hakuna kitu" alikuwa ametazama kilichotimia peke yake.

Mbuni ungemwambia

Mwenzetu mmoja anayetoka Kilimanjaro ndiye aliyetufungua macho. Alisema: "Lakini hata mbuni ni hivyohivyo." Na ni kweli. Mbuni wa arabika huzaa kwenye sehemu ya tawi la pembeni iliyokua msimu uliotangulia. Ndiyo sababu hupogolewa baada ya mavuno, ili mti upate muda wa kuotesha matawi yatakayobeba maua ya msimu ujao. Tena, mkulima anayekata mibuni iliyozeeka ili itoe mashina mapya anajua kwamba miti hiyo haitampa kahawa mwaka unaofuata; kwa hiyo mwenye busara hakati shamba zima kwa mara moja. Hukata sehemu, akala kwa sehemu.

Kwa maneno mengine, padre alikuwa na elimu yote aliyoihitaji tangu utotoni. Alisafiri na ufundi wa mkono akaacha nyumbani sababu yake. Angejiuliza "kwa nini baba alisubiri mavuno yaishe?" angelifika mwenyewe kwenye kanuni ya bustani za kule: kichaka kinachochanua mwanzoni mwa mwaka kwa macho ya mwaka jana hupogolewa mara tu maua yanapokauka. Tulipomwandikia hivyo tuliogopa kidogo kwamba atatuona watovu wa adabu. Hakukasirika.

Makundi mawili

Kundi la kwanza, basi, ni la vichaka vinavyobeba maua kwenye matawi ya zamani: mlilaki, forsithia yenye maua ya njano yanayotangulia majani, wigelia, asalea na rododendroni, pamoja na ile haidrenjia ya majani mapana ambayo hata kwetu hupandwa kwenye bustani za masista na misheni za nyanda za juu. Hivi vikikatwa wakati wa baridi havifi. Vinanyimwa tu maua ya mwaka huo. Haidrenjia ya majani mapana ina desturi yake: vichwa vya maua yaliyokauka havikatwi vuli, huachwa vikinga macho yaliyo chini yake dhidi ya baridi, na huondolewa machipuko kwa kukata juu ya jozi ya kwanza ya macho yenye afya.

Kundi la pili huchanua baadaye, kiangazi, kwenye matawi yaliyoota mwaka uleule. Humo mna budlea inayopendwa na vipepeo, spirea ya Kijapani, haidrenjia yenye vishada virefu kama koni, na mawaridi mengi ya kisasa yanayochanua mara kwa mara. Hivi hupogolewa mwishoni mwa baridi, kabla ya kuchipua, tena vingine kwa ukali: budlea hukatwa karibu na ardhi kila mwaka na hufika urefu wa mtu kabla ya Agosti. Kama safu ile ya nyuma ya kanisa ingekuwa ya budlea, padre angepongezwa.

Kuna pia vichaka visivyopogolewa kwa ajili ya maua hata kidogo. Kornasi yenye fito nyekundu hupandwa ili gome lake liwake juu ya theluji, na fito changa ndizo nyekundu zaidi; kwa hiyo mzee hukatwa ili kijana aonekane. Tulicheka sana kwa mfano huo mezani, na walezi wetu walikuwapo.

Sheria iliyomharakisha padre ni ya kweli na ina maana yake. Sheria ya Ujerumani ya kuhifadhi mazingira, kifungu cha 39, inakataza kukata kabisa au kukata kwa ukali vichaka na nyua za miti kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Septemba, ili ndege wanaojenga viota wasisumbuliwe. Lakini kupunguza kidogo kwa kutunza umbo kunaruhusiwa, ilimradi mtu aangalie kwanza kama kuna kiota. Tarehe ile iliweka mwisho wa kukata kwa ukali. Haikusema kwamba kila kichaka kikatwe kabla yake.

Kwa nini si vuli?

Wengine kati yetu waliuliza: kama bustani inasafishwa majani yakipukutika, si mtu amalize yote siku hiyo? Hapa ndipo tulipoelewa kwamba baridi ya kule siyo ile yetu ya Juni na Julai, hata kwa sisi tunaotoka Makete, ambako alfajiri sakitu hulala juu ya majani ya viazi.

Mmea wa nchi za baridi hujiandaa kwa miezi. Siku zinapofupika, huacha kurefuka na kufunga ncha zake kwa macho yenye magamba. Kisha baridi ndogo za mwanzo huukomaza: sukari huongezeka ndani ya seli, na maji hutoka kwenye seli kwenda kwenye nafasi zilizo kati yake, ili yakiganda yagande huko nje. Barafu ikijitokeza ndani ya seli, seli hiyo imekufa. Ukikata mwishoni mwa kiangazi au mwanzoni mwa vuli, na siku za joto zikirudi kidogo, mmea hudanganyika na kutoa machipukizi mapya. Machipukizi hayo ni laini, yamejaa maji, hayajakomaa. Sakitu ya kwanza huyageuza meusi. Aidha kidonda kilichokatwa wakati ukuaji umesimama hukaa wazi hadi machipuko bila kufungwa, kikiwa mlango wa kuvu.

Mmea ukishalala, haiamshwi na siku moja ya jua. Unahitaji kwanza kupitia kipimo chake cha baridi. Kwa miti mingi ya matunda ni mamia ya saa kwenye jotoridi kati ya nyuzi 0 na 7, na aina fulani za mitufaha hufikia saa 1,000. Waamini wa Ujerumani walijua jambo hili kabla ya kuwa na kipimajoto. Tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mt. Barbara, hukata vitawi vya mcheri au forsithia, huviweka kwenye chombo cha maji ndani ya nyumba yenye joto, na vinachanua karibu na Noeli. Masimulizi ya kale yanasema kwamba Barbara alipokuwa akipelekwa gerezani, kitawi kilinasa kwenye vazi lake, akakitilia maji, kikachanua siku ya kufa kwake. Na wenye bustani huongeza sharti moja: kama hakujawa na sakitu kabla ya siku hiyo, vitawi vinaweza kugoma kuchanua. Kipimo hakijatimia. Tunaona hapa desturi ya ibada ikiwa imebeba ujuzi sahihi wa mimea kwa karne nyingi.

Linganisha na mizabibu ya Dodoma. Pale hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkasi wenyewe ndio unaoupangia mwaka: mkulima hupogoa mara mbili, anavuna mara mbili. Katika mabonde ya Ujerumani mzabibu hupogolewa mara moja kabla ya machipuko, na haiwezekani vingine. Tulipokuwa tukifanya mazoezi ya homilia juu ya Yohane 15, kila mmoja wetu alisema kwamba mkulima hukata matawi, na hakuna aliyeuliza ni lini.

Watakatifu wa barafu

Hatari nyingine ni ya kukata mapema mno kwa vichaka vya kundi la pili. Mkato huamsha, na kilichoamka hakirudi kulala. Kwa mawaridi, wakulima wa Ujerumani hawatazami kalenda, wanatazama forsithia. Ikichanua, ndipo mkasi unatoka. Kichaka kimoja kinatumika kama saa ya kichaka kingine, na ni saa nzuri kuliko tarehe, kwa sababu huchelewa mwaka wa baridi ndefu na huwahi mwaka wa joto. Kabla ya hapo, toka vuli, shina la mwaridi huwa limefunikwa udongo kama kichuguu ili sehemu ya chini isigande. Huko Minnesota, Marekani, ambako baridi ni kali zaidi, baadhi ya watu hufungua udongo upande mmoja wa mizizi, hulaza mwaridi mzima kwenye mtaro, hufukia, na kuusimamisha tena machipuko.

Hata baada ya hapo Wajerumani hawaamini joto hadi wapite "watakatifu wa barafu": Mt. Mamerti tarehe 11 Mei, Mt. Pankrasi tarehe 12, Mt. Servasi tarehe 13, Mt. Bonifasi tarehe 14 (huyu ni shahidi wa Tarso, siyo mtume wa Ujerumani), na Mt. Sofia tarehe 15. Ni siku ambazo baridi ya mwisho huweza kurudi usiku mmoja. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko mabadiliko ya kalenda ya mwaka 1582, yaliyosogeza tarehe kwa siku 10, kwa hiyo wengine husema kwamba wasiwasi uendelee hadi karibu tarehe 25. Nasi tulishangaa kuona watakatifu wakikumbukwa kwa heshima na lawama kwa pamoja.

Jinsi ya kukata

Kwanza huondolewa kilichokufa, kilichovunjika na chenye ugonjwa, na hili linafaa wakati wowote. Ili kujua kama tawi limekufa, kwaruza gome kwa ukucha: chini yake kukiwa kijani na unyevu, liko hai; kukiwa kahawia na kavu, limekufa. Hakuna haja ya kubahatisha.

Kichaka kilichozeeka hufanywa upya kwa miaka mitatu. Kila mwaka huondolewa karibu theluthi moja ya mashina, yale makongwe zaidi, kutoka chini kabisa karibu na ardhi. Kwa njia hiyo maua hayakosekani mwaka wowote. Inawezekana kukata vyote kwa mkupuo kama alivyofanya padre, na mlilaki huvumilia. Ila mtu asubiri miaka miwili au mitatu, na awaambie watu mapema.

Kosa baya kuliko yote ni kukata ncha zote kwa usawa mmoja kama kichwa kilichonyolewa. Sababu yake ilianza kuonekana mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walipoandika kwamba ncha ya mche hutuma ujumbe fulani kwenda chini. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba ujumbe huo ni kemikali inayoweza kukusanywa, nayo huitwa oksini. Ikishuka kutoka kwenye ncha, huyazuia macho ya chini yasiamke. Kata ncha, na yale yaliyo karibu chini yake huamka kwa pamoja. Kwa hiyo kichaka kilichonyolewa juu huota ufagio mnene juu na kubaki mtupu chini, na mwenye nyumba hukata tena kwa hasira.

Tawi kubwa likikatwa pembeni mwa shina, usilifyeke hadi likawa sawa na shina, wala usiache kisiki. Kuna uvimbe kama kola pale tawi linapoungana na shina. Kata nje kidogo ya huo. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mashine na kuonyesha kwamba mti hauponi kidonda kama mwili wetu unavyopona. Hauondoi sehemu iliyooza. Huijengea ukuta na kuendelea kukua nje yake. Kola ndiyo inayojenga ukuta huo. Ndiyo sababu pia kupaka kidonda rangi au lami, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye miti ya seminari kwa bidii kubwa, hakusaidii.

Tulibishana jioni moja kama kupogoa ni kuulazimisha mti. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba mlilaki wa porini, huko Balkani kwenye asili yake, haukatwi na mtu na unachanua. Ni hoja nzuri. Jibu tulilolipata kwa Aristotle, kitabu cha pili cha Fizikia, ni kwamba ufundi kwa upande mmoja huiga maumbile na kwa upande mwingine humalizia yale ambayo maumbile hayakuyafikisha mwisho. Mwanafunzi wake Theofrasto, aliyeandika vitabu viwili vikubwa juu ya mimea, alizungumzia kupogoa ndani yake, kwa kuwa alijua kwamba tunda zuri kwa mlaji na tunda la kutosha kwa mti siyo lazima liwe kitu kimoja. Mlilaki wa porini unachanua juu kabisa, ambako hakuna anayefika. Mkasi ni kwa ajili yetu na altare yetu, na afadhali tukiri hivyo kuliko kusema tunauhurumia mti. Mwenzetu hajakubali bado.

Padre ametujibu wiki mbili zilizopita. Visiki vimetoa machipukizi mengi. Ameambiwa achague yenye nguvu, aliyopanga kwa nafasi, na mengine ayatoe. Alimwendea bibi, akamwomba radhi, na bibi akamtembeza bustani yote akimwonyesha kila kichaka na wakati wake. Haidrenjia ya mlangoni isiguswe na vichwa vyake vikavu hadi aseme yeye. Tarehe 4 Desemba watakata pamoja vitawi vya mcheri. Na mkasi, ameandika padre, kwa sasa unakaa nyumbani kwa bibi.